Kitabu Kilichopigwa Chapa Vitengeni

Duka la Mbeyu liko katikati ya Vitengeni, baina ya kinu cha mahindi na fundi wa baiskeli. Si kubwa. Ndani mna meza, kompyuta, printa na kabati la karatasi. Lakini Mbeyu mwenyewe haliiti duka. Huliita ofisi, na hulifagia kutwa kwa sababu vumbi la barabarani halina adabu.

Watu huja kwake kuandikiwa barua, kuchapishiwa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mumewe, Garama, ni mkulima. Akitoka shambani hupitia dukani kumsaidia mkewe. Mara nyingine msaada wa Garama huwa mzito kuliko kazi yenyewe, lakini ana moyo mzuri, na Mbeyu hana uso wa kumfukuza.

Mwaka huo, darasa la ngumbaru la Vitengeni lilifanya jambo la ajabu. Hili ni darasa la watu wazima waliokosa shule utotoni. Mwalimu wao, Janet, aliwaambia kila mmoja aandike ukurasa wa jambo analolijua vizuri. Mmoja aliandika namna ya kumkanda mzazi aliyejifungua. Mwingine aliandika juu ya mbuzi. Baba mkwe wa Mbeyu, Mzee Mwaringa, aliandika namna ya kuanika makopa ya muhogo yasiingie wadudu. Mwisho wa kila ukurasa, chini kabisa, mwandishi alitia jina lake.

Kurasa hizo zilitakiwa ziwe kitabu. Kitabu kilitakiwa kiwe tayari Jumamosi, siku ya kufunga darasa.

Katika mkutano wa wanafunzi, mtu mmoja alisema, "Kazi hii ipelekwe Malindi. Huko kuna maduka makubwa."

Mbeyu, aliyekuwa amemsindikiza Mzee Mwaringa, alisimama. Hakuwa amepanga kusimama, lakini miguu ilimtangulia.

"Waandishi ni wa Vitengeni," alisema. "Mwalimu ni wa Vitengeni. Kwa nini kitabu kikazaliwe Malindi? Nitakichapisha mimi."

Watu walipiga makofi. Mzee Mwaringa alipiga kuliko wote.

Mbeyu alizichapa kurasa zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Karatasi za mkono zilirudishwa kwa wenyewe. Ile ya Mzee Mwaringa ilikwisha kazi yake siku hiyo hiyo, kwani alifungia ugoro.

Jumatano asubuhi Mbeyu aliwasha kompyuta. Ilichelewa kuamka. Ilileta lile onyo lake la kila siku, kwamba mfumo wake si halali, naye akaliondoa kama kawaida. Kisha akafungua mahali alipoweka kurasa za kitabu.

Hapakuwa na kurasa. Palikuwa na alama ngeni tu, na kila aliyoibofya haikufungua kitu.

"Mulungu wangu!" alisema Mbeyu. Akampigia simu Garama.

Mwalimu Janet aliitwa akaja mbio. Alitazama kioo cha kompyuta, akakaa chini.

"Mbeyu dada yangu, wageni wanakuja Jumamosi. Hata ningetaka kwenda Malindi sasa, ningepeleka nini? Kurasa zote zilikuwa humu."

"Tulia, mwalimu," alisema Garama. "Yule muuzaji aliyeniuzia mfumo wa kompyuta bado yuko. Nikanunue mwingine."

"Huo wa kwanza ndio uliotufikisha hapa," alijibu Mbeyu. "Hapana. Leo nampigia Abigael."

Abigael ni fundi wa kompyuta. Wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi pwani, naye amekulia Kibarani, mjini Kilifi. Mbeyu alimfahamu alipokuja kutengeneza kompyuta za shule ya Vitengeni. Mchana ule ule aliingia dukani na mkoba wake begani. Mzee Mwaringa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, fimbo mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Makopa yangu yamemezwa humo. Yatoe."

Abigael alicheka, akaitazama kompyuta. Akamwuliza Mbeyu maswali. Nani alileta flashi hapa karibuni? Wateja wengi. Je, mfumo huu hupata masasisho, yaani marekebisho ya kuziba mianya? Hapana, haujawahi.

"Basi sikilizeni," alisema. "Kompyuta ni chuma na waya tu. Ndani lazima pawe na mfumo wa kuiendesha. Huo ndio unaoyatunza mafaili na kuzungumza na printa. Huu wenu ulinakiliwa bila ruhusa ya walioutengeneza, ndiyo maana unatoa onyo kila siku. Haujapata masasisho, basi mlango ulikuwa wazi. Kirusi, yaani programu haribifu, kimeingia na flashi ya mteja."

Garama alikohoa. "Aliyeniuzia alionekana muungwana kabisa."

"Najua, shemeji. Wengi wamenunua hivyo." Abigael alitoa flashi mkobani. "Mimi nimewaletea mfumo mwingine. Unaitwa Ubuntu. Uko katika jamii ya mifumo iitwayo Linux."

"Umeununua wapi?" aliuliza Mzee Mwaringa.

"Sikuununua, mzee. Ni mfumo huria. Waliouunda wameutoa kwa watu wote. Unaruhusiwa kuutumia na kumpa jirani. Hata ukitaka kuufungua uone ulivyotengenezwa, na kuubadilisha, ruhusa unayo."

Mzee alifikiri. "Kama mbegu ya kienyeji. Naipanda, navuna, nakugawia na wewe upande. Na ile nyingine ni ya dukani, ina mwenyewe."

"Ni hivyo hasa, mzee."

"Basi ungesema mbegu tangu mwanzo," alisema Mzee Mwaringa. "Tungeshafika mbali."

Mbeyu alichukua kalamu ili aandike. Abigael akamzuia. "Usiandike tu. Kaa hapa kwenye kiti, fanya mwenyewe. Mimi nitasema, mkono uwe wako."

Mbeyu alikaa. Akakisogeza kiti karibu na meza.

"Mfumo huu niliupakua kwenye tovuti yake rasmi," alieleza Abigael. "Kisha nikauandika kwenye flashi kwa programu maalumu ya kazi hiyo. Kuunakili kama unavyonakili picha hakutoshi. Na ukifanya hivyo siku moja, tumia flashi isiyo na kitu cha maana, kwa sababu yote yaliyomo yatafutika. Haya, zima kompyuta. Chomeka flashi. Sasa iwashe, na ubonyeze kitufe hiki ili ianzie kwenye flashi."

Maandishi yalipita. Kisha kioo kikauliza swali: unataka kujaribu, au kusakinisha?

"Chagua kujaribu," alisema Abigael. "Ukijaribu hufuti chochote. Unaonja kwanza. Unaangalia kama mausi inatembea, kama mtandao unashika, kama sauti inatoka. Ukipenda, ndipo unasakinisha ukae humo moja kwa moja."

Baada ya muda kioo kilitulia. Mambo yote yalikuwa safi. Mbeyu alisogeza mausi, ikamtii.

"Sasa fungua pale ulipoweka kitabu."

Mbeyu alibofya. Kisha akabofya tena. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Kuna nini?" aliuliza Janet, akiinuka.

Kurasa zote zilikuwepo. Ya mbuzi, ya wazazi, ya makopa. Kirusi kilikuwa kimezificha, hakikuzifuta, na ujanja wake haukufanya kazi katika mfumo huu mpya. Mwalimu Janet alimkumbatia Mbeyu mpaka kiti kikatoa mlio.

"Kwa hiyo huu hauingiwi na kirusi kamwe?" aliuliza Garama.

"Huingiwa kwa nadra, lakini usijisahau, shemeji. Kubali masasisho kila yanapokuja, na usifungue usichokijua. Sasa tusishangilie bado. Mwalimu, una diski ya pembeni?"

Janet alikuwa nayo. Walinakili kurasa zote humo, na nakala nyingine wakaiweka kwenye flashi tupu. Abigael alimtaka Mbeyu afungue kila nakala ahakikishe inasomeka. Kazi hiyo ilichosha, lakini alikataa kuiruka.

"Ukitaka kusakinisha, diski ya kompyuta itafutwa," alisema. "Usifute kabla hujaona kwa macho yako kwamba nakala ziko nzima."

Waliporidhika, walianza kusakinisha. Maswali yakawa yanakuja, Mbeyu akijibu. Katikati, mteja aliita nje akitaka kalamu, naye Mbeyu akatoka kumhudumia. Abigael alipigiwa simu, akatoka pia. Mwalimu Janet alikuwa amerudi darasani, na Mzee Mwaringa alikuwa akisinzia kitini, kwa hiyo Garama akabaki peke yake na kompyuta.

Kompyuta ikaonyesha ramani ya dunia, ikauliza: Uko wapi?

Sasa, Garama ni Mgiriama aliyelelewa vizuri. Kwa watu wa kwao, ukimwuliza mtu ni wa wapi, hakutajii chumba alichopanga. Hukutajia kwao, kule walikozikwa wazee wake. Garama ana ami yake anayeishi Mariakani tangu ujana wake, na mpaka leo ukimwuliza atasema ni wa Vitengeni. Basi Garama aliona si haki kumnyima mgeni kwao. Kompyuta hii haikuzaliwa Vitengeni. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta asili yake ni Marekani. Akapeleka mausi mpaka Marekani kwenye ramani, akabofya, akaendelea na swali jingine. Alijiona amefanya jambo la kiungwana.

Mbeyu aliporudi, alichagua jina lake na neno la siri. Kazi ikaendelea mpaka mwisho, kompyuta ikazima na kuwaka tena bila flashi. Ilibaki printa tu. Hapo hapo stima zikapotea, kioo kikazima.

Walingoja. Jua likateremka. Abigael alikuwa na kazi Kilifi, akashika mkoba wake.

"Dada, printa utaiunga wewe," alimwambia Mbeyu. "Stima zikirudi, chomeka waya wa printa kwenye kompyuta, kisha iwashe. Nenda kwenye mipangilio, fungua sehemu ya printa. Mara nyingi utaiona imejitokeza yenyewe. Isipojitokeza, bofya palipoandikwa kuongeza printa. Kisha chapisha ukurasa mmoja wa kujaribu. Mmoja tu."

"Ngoja!" alisema Garama. "Na ile CD ya printa? Printa haikubali bila CD yake."

"Iko wapi hiyo CD?"

"Iko shambani. Nimeitundika inatisha ndege."

Walicheka wote, hata Mzee Mwaringa. Abigael alifuta macho. "Iache iendelee na kazi yake. Mfumo huu umekuja na yanayohitajika kwa printa nyingi. Si zote, kwa hiyo kabla ya kununua printa nyingine, niulizeni kwanza. Hii yenu naijua, itafanya kazi."

Alhamisi asubuhi stima zilikuwa zimerudi. Mbeyu alifungua duka mapema. Akachomeka waya, akawasha printa, akafungua mipangilio. Jina la printa likajitokeza lenyewe. Hakuna aliyemsaidia. Mbeyu alisimama, akavuta kanga yake kiunoni, akakaa tena. Laiti wale wa mkutanoni wangemwona!

Garama na Mzee Mwaringa waliingia. "Uwe wa baba kwanza," alisema Mbeyu. Akachomeka flashi yenye nakala, akafungua ukurasa wa makopa, akaamuru uchapishwe.

Printa iliwaka taa ya rangi ya chungwa. Ikapepesa. Haikutoa kitu.

"Labda haikusikia," alisema Garama. "Hata kwa mtu unapiga hodi mara tatu." Akaamuru tena uchapishwe, kisha tena. Taa ikazidi kupepesa. Garama akabonyeza kitufe cha printa yenyewe, kwa nguvu.

Karatasi ilitoka. Ikafuata nyingine, kisha nyingine. Hodi zote tatu zilijibiwa.

Mzee Mwaringa alichukua karatasi ya kwanza. Alivaa miwani. Akaanza kusoma, kidole kikitembea chini ya maneno. Alisoma polepole, kwa sauti, bila kuruka neno. Mbeyu aliona raha kumsikiliza. Mwaka jana mzee huyu alikuwa akisomewa hata ujumbe wa simu.

Kidole kilifika mstari wa mwisho. Kikateremka zaidi. Kikasimama kwenye karatasi tupu.

"Jina langu liko wapi?"

Mbeyu alitazama. Chini ya ukurasa hapakuwa na jina. Alichukua karatasi ya pili, na ya tatu. Majina hayakuwepo. Printa ilikuwa imekata sehemu ya chini.

"Jina si kitu, baba," alisema Garama. "Hapa ni nani asiyekujua?"

"Hawa walio hai wananijua," alijibu mzee. "Kitabu ni cha wale watakaokuja, ambao hawatanijua."

Aliiweka karatasi mezani taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Mbeyu. Kitabu kizima kitatoka hivi, kila ukurasa bila mwenyewe. Afadhali kingekwenda Malindi. Alijisikia vibaya, lakini hakukaa na hisia hiyo. Alichukua simu.

"Abigael, printa imeshika, lakini inakata majina chini."

"Saa ya kompyuta inasema nini?" aliuliza Abigael.

Mbeyu alishangaa swali hilo. Akatazama pale juu. "Inasema saa tisa usiku. Na hapa ni saa nne, jua linachoma."

"Dada, ilipouliza uko wapi, ulijibu nini?"

"Haikuniuliza."

Garama alikohoa. "Iliniuliza mimi. Nikaiambia Marekani. Ndiko kwao."

Kwenye simu kilisikika kicheko kirefu. "Shemeji wangu! Haikuuliza kwao. Ilitaka kujua inafanya kazi wapi. Kule Marekani karatasi ya kawaida ni fupi kuliko hizi zetu za A4. Kwa hiyo kompyuta imeiambia printa ingoje karatasi fupi. Printa ikaona ndefu, ikawasha taa kuuliza. Mlipoilazimisha, ikachapisha kwa kipimo kile kifupi, na chini pakakatwa. Dada, uko kwenye kiti?"

"Niko."

"Fungua foleni ya kuchapisha. Hapo ndipo kazi zote zinapongoja zamu. Kama kuna iliyobaki, ifute. Siku nyingine taa ikiwaka, msirudie kuamuru. Fungueni foleni muangalie."

Mbeyu alifungua. Foleni ilikuwa tupu.

"Vizuri. Sasa nenda kwenye mipangilio, mahali pa eneo na saa. Weka Kenya, saa za Nairobi. Halafu rudi kwenye printa, ukubwa wa karatasi uweke A4. Mwisho ufungue ukurasa wa kitabu, uangalie kama nao ni A4."

Mbeyu alifanya moja baada ya jingine. Saa ikaruka, ikawa saa nne asubuhi kama saa ya kila mtu. Aliposhika mausi kuamuru kuchapisha, Garama alirudi nyuma hatua kadhaa na kuficha mikono mgongoni.

Safari hii taa haikupepesa. Karatasi ilitoka polepole, mstari kwa mstari. Mzee Mwaringa aliinama mpaka miwani ikakaribia kuanguka. Maneno ya makopa yakapita. Pakaja nafasi kidogo. Kisha, chini kabisa, likatoka jina lote, jeusi na wazi: Mwaringa wa Kavumbi.

Mzee alilipitishia kidole. Aliishika karatasi kwa mikono miwili.

Siku hiyo na iliyofuata, ofisi ya Mbeyu haikulala kwa kazi. Alichapisha kurasa zote, Garama akazipanga na kuzibana pini, safari hii kwa msaada wa kweli. Mwalimu Janet alikagua kila kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wageni walitoka Ganze na Kilifi. Wanafunzi wa ngumbaru waliitwa mmoja mmoja wasome kurasa zao. Walisoma wengine kwa kutetemeka, wengine kwa kupiga kelele. Kila mmoja alipofika chini alisoma jina lake, na hapo ndipo vigelegele vilipopanda. Mzee Mwaringa alisoma lake mara mbili. Hakuna aliyemkataza.

Baadaye mgeni mmoja wa kutoka Kilifi, mwanamume aliyevaa tai, alikigeuzageuza kitabu mikononi. Alisifu maandishi yalivyokolea na kurasa zilivyopangwa.

"Nina kazi ya kuchapisha," alisema. "Hiki mlikipeleka duka gani Malindi?"

Mbeyu alifungua kinywa ajibu, lakini mzee alimtangulia. Alisimama wima na kumnyooshea kidole Mbeyu mbele ya watu wote.

"Malindi hakijafika," alisema. "Aliyekipiga chapa ni huyu, mkaza mwanangu. Anaitwa Mbeyu. Toa kalamu uandike jina hilo, nami nitaangalia kama umeliandika lote."